Maswali ya Wasomaji: Eti Boeing 747 ni C-5 Galaxy iliyogeuzwa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Huku tunabishana kila siku, jamaa wanasema Boeing 747 ni ile ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani, C-5 Galaxy, wakaigeuza ya abiria, ni kweli? Halafu mbona wakati tayari wana dude kubwa namna ile wakaenda kutengeneza C-17 ambayo ni ndogo kuliko hiyo? Naomba nieleweshwe.

JIBU: Kazi nzuri ndugu yetu. Hapana, 747 haikutoka kwenye C-5, ila naelewa kwanini watu wanachanganya, maana hizi ndege zilizaliwa kipindi kimoja na kuna mambo zinachangia.

Tuanze na C-141 Starlifter, ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1963, ndege ya jeti, ina spidi, inavuka bahari bila shida, ila tumbo lake jembamba. Upana wa ndani ni kama mita 3 tu, kwahiyo unapakia mpaka nafasi inaisha na ndege bado ina uwezo wa kubeba tani nyingine, yaani kama pikapu iliyojaa magodoro. Na kifaru kikubwa hakiingii kabisa. Baadaye waliikata bodi wakaongezea vipande, ikarefuka kama mita 7 hivi, upana ukabaki ule ule.

Watu wakiongelea ndege hizi wanakimbilia kuuliza inabeba tani ngapi, mi nawaambia angalieni kwanza mlango na tumbo, kitu gani kinaingia, kinatokaje na ndege itatua wapi, hapo ndo utajua kwanini kila moja ilitengenezwa.

Sasa jeshi likatangaza tenda ya ndege kubwa zaidi, wakashindana Boeing, Douglas na Lockheed, Lockheed akashinda 1965. Hiyo ndo C-5. Pua inanyanyuka juu yote, nyuma nako kunafunguka, lori linaingia upande mmoja linatokea upande wa pili bila kupiga rivasi. Sakafu ina urefu wa karibu mita 37 na upana karibu mita 6. Ina matairi 28, na ikishatua inapiga magoti, inashuka chini ili magari yapande kirahisi. Iliruka mara ya kwanza 30 Juni 1968 huko Marietta, Georgia.

Kikubwa zaidi kwangu ni injini. General Electric walitengeneza TF39 yenye feni kubwa mbele, hewa inayopita pembeni ni mara 8 ya ile inayoingia ndani kuchomwa na mafuta, ndo maana ina nguvu sana na hailambi mafuta hovyo. Ndege kubwa za abiria za leo zinatumia mtindo huo huo.

Boeing baada ya kukosa tenda wakahamia kwenye 747, wateja wa kwanza shirika la ndege la Pan Am, wakachora bodi mpya kabisa na mbawa ziko chini, wakati C-5 mbawa ziko juu ili tumbo likae karibu na ardhi. Hata injini walichukua za Pratt & Whitney, kampuni iliyokuwa imeshindwa na General Electric kwenye tenda ya injini za C-5. Ile nundu ya 747 nayo inawachanganya watu, waliweka chumba cha rubani juu kwasababu walitaka ije ibebe mizigo pia, pua ifunguke.

Sasa C-5 ilikuja na matatizo yake. Lockheed walihangaika kupunguza uzito, mbawa zikawa dhaifu zikapata nyufa, miaka ya 80 ikabidi zibadilishwe zote. Na gharama ndo usiseme, Novemba 1968 A. Ernest Fitzgerald, mtumishi wa jeshi la anga lenyewe, aliliambia Bunge kwamba zimezidi kama dola bilioni 2, na baadae kazi yake ikafutwa. Mimi huyu namheshimu sana, alisema ukweli akijua utamgharimu.

Kuhusu C-17, C-5 inahitaji uwanja mkubwa na nafasi ya kutosha kuegesha, kwahiyo mzigo unaishia mbali na ulikokuwa unaenda halafu unahamishiwa kwenye C-130, ndege ya mizigo ndogo zaidi inayotua kwenye viwanja vifupi. C-17, iliyoruka Septemba 1991, inabeba kifaru kizima cha Abrams na inaweza kutua kwenye njia ya kama mita 1,000, kwasababu moshi wa injini unapiga moja kwa moja kwenye flapu, yaani vile vipande vinavyoshuka nyuma ya mbawa, na kuongeza nguvu ya kuinua. Chini inarudi nyuma yenyewe kwa injini zake. Nayo ilisumbua mwanzoni, Desemba 1993 watengenezaji waliambiwa warekebishe mambo ndani ya miaka 2 la sivyo zinaishia ndege 40. Zikatengenezwa 279, uzalishaji ukaisha 2015.

C-5 bado zinaruka, 52 zilifungwa injini mpya za CF6 na kuitwa C-5M, kazi ikakamilika 2018. Na CF6 yenyewe imetokana na ile TF39.