Bibi alisema alifika Korogwe kwa treni, nami nikadhani amekosea

Dada uliyeuliza namna ya kumrekodi babu yako wa miaka 87, ambaye kila ukimgusia habari za zamani anakujibu "nimeshasahau, mke wangu": swali lako nimelisoma mara mbili, maana huko ndiko nilikopita na bibi yangu mzaa mama. Nitakueleza nilivyofanya, na nilipoharibu pia.

Bibi ni Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga akiwa mke kijana wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge walioitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Sisi wajukuu tumezaliwa hukuhuku Korogwe na Kiha hatukijui. Siku ya kwanza nilimwendea na daftari lenye maswali kama arobaini: ulizaliwa mwaka gani, baba yako aliitwa nani, na baba yake je, mlihama lini. Alijibu matano, kwa mkato, kama mtu aliye mbele ya karani wa sensa. La sita akasema amechoka, anataka kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikaacha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikamkuta barazani anasokota kamba ya mbuzi kwa singa za mkonge. Nikakaa tu, baadaye nikamwuliza, "Bibi, hizi singa mlikuwa mnazianika vipi?" Akaweka kamba chini, akaanza kunionyesha kwa mikono: jinsi walivyozipokea zikiwa zimelowa kutoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, jinsi walivyozitandaza kwenye waya zisilaliane, na maji ya mkonge yanavyowasha mpaka mtu anajikuna usiku kucha. Kutoka kwenye waya akafika kwa nyapara, kutoka kwa nyapara akafika kambini, nani alilala chumba cha pili, nani alikuwa na sauti nzuri ya kuimba jioni. Na hapo, bila kuulizwa, akamtaja mtoto wake wa kwanza aliyezikwa nyuma ya kambi ile. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kumsikia mtoto huyo akitajwa.

Karibu saa nzima alizungumza, na simu yangu ilikuwa mfukoni, haijawashwa.

Nilijuta, lakini leo naona ilikuwa heri. Mambo kama yale hayarekodiwi kwa kuvizia. Jioni nikamwomba ruhusa: "Bibi, nataka sauti yako ibaki, watoto wangu waje waisikie." Akaniuliza nani mwingine ataisikia. Nikamwahidi kwamba popote atakaposema "hapa zima", nitazima. Amelisema neno hilo mara tatu hivi, na nimezima kweli. Nadhani ndiyo sababu ameniambia mengine yote.

Sasa suala la miaka, ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi. Bibi alikuwa akisema, "Tulikaa shamba lile miezi kumi, tukahamia jingine." Mimi naandika miezi kumi. Hesabu zikawa hazikutani kabisa. Kumbe mwezi wao ulikuwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, na siku ya kuumwa ndiyo kabisa. Kipande kimoja kiliweza kula wiki sita, na mshahara ukasubiri mpaka kijae. Miezi yake kumi ilikuwa vipande kumi, yaani kwa kalenda ni mwaka na ushee. Kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote ya babu, mwulize alikuwa akiihesabu vipi.

Kisha likaja la treni. Bibi alishikilia kwamba walikuja kabla ya Uhuru, na kwamba walipanda treni Kigoma wakashukia Korogwe. Nikatafuta habari za reli. Reli ya Kati na Reli ya Tanga hazikuwa zimeungana wakati huo. Njia ya kuziunganisha, kutoka Ruvu kwenye Reli ya Kati hadi Mnyusi kwenye ile ya Tanga, ilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo hakuna treni ambayo ingemtoa Kigoma ikamfikisha Korogwe. Nikamwendea kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu: "Bibi, hapo umekosea." Alinyamaza. Siku mbili hakutaka habari ya mkonge.

Lile ndilo kosa langu kubwa katika kazi yote, na nakusihi usilirudie. Baadaye nililiuliza upya kwa njia nyingine, "Njiani mlikula nini?" Akasema Morogoro walipewa uji na blanketi, kisha wakapandishwa lori, vumbi mpaka kwenye meno. Siku nyingine kabisa, akisimulia treni hiyohiyo, akasema, "Mama yako nilikuwa nimembeba mgongoni, analia moshi wa injini." Mama amezaliwa 1963! Hapo nikaelewa. Safari zilikuwa mbili. Ya kwanza, kabla ya Uhuru, treni iliishia Morogoro na lori likamalizia. Ya pili alikuwa anarudi kutoka kumlilia baba yake, na safari hiyo treni ilimfikisha Korogwe kweli. Yeye alizishona zikawa moja. Kama ningeandika "bibi amekosea" nikafunga daftari, safari ya msibani ingepotea, na ndiyo iliyokuwa mara yake ya mwisho kukanyaga kwao.

Mwaka mtupu haumsaidii mzee. Mpe tukio. Ulikuwa umeshaolewa siku ya Uhuru, na yale mafuriko ya mwishoni mwa 1961 yalikukuta wapi? Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa 1967 nyapara wenu alikuwa nani? Tulipokula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano? Vita vya Kagera? Sokoine alipofariki, 1984, ulisikia redio ya nani? Bibi redio ile anaikumbuka mpaka rangi ya kitambaa kilichoifunika.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, simu ya kawaida inatosha. Iweke juu ya kitambaa, karibu naye, zima mtandao isije ikaita katikati. Usirekodi mvua ikinyesha kwenye bati. Mwanzoni taja tarehe, mahali na waliopo. Na jioni ileile nakili sehemu mbili. Mimi niliibiwa simu stendi ikiwa na rekodi nne, zikiwemo nyimbo za kubembelezea mtoto kwa Kiha. Nyimbo mbili aliziimba tena. Ya tatu haikurudi, na sauti yake sasa haifiki kule ilikokuwa inapanda.

Familia nayo uiambie mapema. Mjomba wangu alipata habari kwamba naandika majina ya nani kazaa nani, akadhani natafuta ushahidi wa shamba. Aliacha kunisalimia. Ilibidi niende na bibi mwenyewe, akamweleza, nami nikamsikilizisha sehemu anayosimulia mjomba alivyozaliwa usiku wa mvua. Aliomba irudiwe.

Jambo moja bibi hakulitoa kamwe: jina la mama yake. Kila nikiuliza alisema, "Mama ni mama." Sikumbana. Nilipopata safari ya Kasulu nikabeba rekodi mpaka kwa mdogo wake, ambaye bado yupo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akacheka kwamba dada yake sasa anaongea kama mtu wa pwani. Akaomba naye arekodiwe, amjibu. Alisema kwa Kiha, dakika tano au sita, na binti yake akanitafsiria: anamsalimia, anamwambia mti waliokuwa wakichezea chini yake umekatwa, kisha akamtaja mama yao kwa jina lake, mara mbili. Nilirudi nikamwekea bibi sikioni. Hakusema neno. Kesho yake asubuhi akaniita, akasema niandike.

Babu yako umesema alikuwa fundi cherehani. Mnunulie kitambaa, au mpelekee gauni lako lililofumuka, ukae karibu yake akilitazama. Mwulize cherehani yake ya kwanza aliipataje, na nani alimfundisha kukata. Maswali ya ukoo yaache ndani ya mkoba kwanza. Ukikwama, niandikie hapahapa.