Walioucheka mwerebi wangu sasa wanaomba vipandikizi

Juzi msomaji mmoja wa Birmingham kaniandikia: "Dada, ule mti wa majani ya pinki kwenye picha yako ni mti gani, na kwangu utakubali?" Nimetabasamu siku nzima, sitaki kudanganya. 2022 hakuna aliyeniuliza hivyo.

Ni mwerebi, jamaa wa ile mierebi ya kwenye Biblia, ila huu ni mdogo wa Kijapani, unaitwa Hakuro-nishiki. Ukiupogoa unabaki kichaka cha mita moja na nusu hivi. Majani machanga hutoka na ncha za pinki, yakawa meupe yenye mabaka ya kijani. Mwezi wa Mei, ukiutazama kutoka dirisha la jikoni, utaapa umechanua maua, kumbe ni majani matupu.

Wa kwanza niliununua ukiwa umebebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina refu, kama mwavuli. Muuzaji akanihakikishia unapenda jua kutwa. Nikauweka kwenye chungu cheusi cha plastiki, juu ya saruji, ukutani kunakopigwa jua. Ikaja Julai, ile ambayo Uingereza ilifika nyuzi 40.3. Nilikuwa zamu za usiku. Nikirudi ni kulala tu. Siku ya tatu nikaligusa jani, likavunjika vidoleni kama majani ya chai. Nikakwangua gome kwa ukucha nikitafuta ukijani. Kahawia mpaka chini.

Shemeji yangu alipokuja akauliza mbele ya wageni, "Hii fimbo ya kuchungia mbuzi uliinunua pauni ngapi?" Watu wakacheka. Mpaka leo inaniuma, na pauni zenyewe sijazitaja kwa mtu.

Februari iliyofuata jirani alikuwa anapogoa wa kwake. Nikamwomba vijiti vitatu, unene wa penseli, nikavichomeka kwenye kona ya bustani ambako maji ya mvua hutuama. Viwili vikashika. Hapo ndipo nilipojitukana: mwerebi ni mti wa mtoni, mimi nimeuweka kwenye joto kama la jikoni!

Kwa hiyo ndugu zangu, maji. Upande ardhini penye unyevu, upate jua la asubuhi na kivuli mchana, na utandaze matandazo chini. Kama lazima uwe chunguni, basi kiangazi mwagilia kila siku, hata kama umetoka zamu. Ila usiusogeze karibu na mabomba ya maji machafu, mizizi yake inayafuata.

Halafu pogoa mwisho wa baridi, kabla haujachipua. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka, nikagusagusa ncha tu, na mwaka ule pinki ikawa haba. Sasa nakata bila huruma, matawi nabakiza theluthi. Uliobebeshwa, machipukizi ya kwenye shina yang'oe. Na maji, jamani. Sisi tunanunua mti kwa picha, tukiwa na haraka ya kuwaonyesha watu, halafu tunaulaumu mti. Mti haukukuomba uununue. Uulize kwao ni wapi kabla hujatoa kadi ya benki.

Jumapili dada yangu kaukodolea macho wee, mwisho kaomba vipandikizi. Nimemwambia aje Februari, na fimbo azibebe mumewe.