Mwanangu apumzike msimu mzima ili asiumie kabla ya majaribio?

SWALI: Salamu, Daktari. Mwanangu ana miaka 17, yuko S.5, na anasoma kwa basari ya mpira katika shule moja hapa Arua. Anacheza winga wa kulia. Kuna wakala aliyemwona akicheza mwaka jana, naye amemwahidi majaribio Ulaya mwezi wa kwanza, akishatimiza miaka 18. Sasa wakala huyo anasema kijana asicheze mechi yoyote msimu huu, asije akavunjika akaikosa nafasi. Kijana mwenyewe amekubali, maana ameona kwenye intaneti kwamba hata Marekani wachezaji wakubwa huacha msimu wakisubiri kusajiliwa. Mwaka jana aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto, na mpaka leo huvimba kidogo akimaliza mechi. Je, kupumzika msimu mzima kutamlinda kweli?

Baba, Arua

JIBU: Mzee wangu, nakushukuru kwa barua yako, na kabla ya yote nieleze kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa upasuaji, ingawa majeraha ya wachezaji ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Kampala. Jibu langu ni hapana. Msimu mzima bila mechi hautamlinda mwanao. Utaihamisha tu hatari kutoka viwanja vya nyumbani, ambako mnaweza kuipunguza hatua kwa hatua, na kuipeleka siku ile ile ya majaribio, ambapo hamtakuwa na uwezo wowote juu yake. Lakini kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo linanitia wasiwasi kuliko mechi zote za msimu: kifundo kile kinachovimba. Nitakirudia.

Hofu yako ina msingi. Mchezaji huumia mara nyingi zaidi katika saa moja ya mechi kuliko katika saa moja ya mazoezi, kwa hiyo ni kweli kwamba asiyecheza mechi mwaka huu hataumia katika mechi mwaka huu. Kosa la wakala ni kudhani kwamba mwili ni kama nguo ya sikukuu, inayotunzwa sandukuni ikatoka ikiwa mpya. Misuli, kano na mifupa hujijenga kulingana na kazi inayopewa, na kazi ikikatika hubomoka. Pumzi ya mchezaji huanza kushuka ndani ya wiki 2 hadi 4 tu, na kwa winga kuna hasara nyingine kubwa zaidi: misuli ya nyuma ya paja, ambayo hulazimika kuvutika na kukaza kwa wakati mmoja kila anapotimka kwa kasi yake yote, hupoteza uzoefu huo asipoufanyia kazi kila wiki. Kukimbia polepole barabarani asubuhi hakuwezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Sasa mfikirie akishuka uwanjani huko Ulaya katika baridi ya Januari, kati ya vijana walio katikati ya msimu wao, akiambiwa siku ya kwanza aonyeshe kasi yake. Hakuna atakayempa wiki sita za kujiandaa.

Jambo hili limewahi kuonekana wazi huko huko Marekani ambako mwanao amechukua mfano wake. Mwaka 2011, mgogoro wa mkataba kati ya wamiliki wa timu na wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda la Kimarekani, ulifunga milango ya klabu kwa zaidi ya miezi minne. Wachezaji waliporudi kambini, 10 kati yao walikatika kano kubwa ya kisigino ndani ya siku 12 za mwanzo, idadi iliyowashtua wataalamu. Hao walikuwa watu wazima wenye mishahara mikubwa, na wengi wao walikuwa wakijifua wenyewe katika muda huo wote. Hawakuwa wamekaa bure; walichokikosa ni mazoezi ya timu yanayoongezwa kwa mpangilio.

Kuhusu wale wanaoacha msimu kwa hiari, mwanao ameona jambo la kweli, ila hakuelezwa mazingira yake. Kanuni za NFL haziruhusu mchezaji kusajiliwa mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, na katika miaka hiyo wengi huchezea vyuo vikuu, katika mchezo wa kugongana miili kwa nguvu kila dakika. Ndiyo maana mwaka 2013 watu walijadili sana kama Jadeveon Clowney wa chuo cha South Carolina akae nje msimu wake wa tatu ili ajihifadhi. Alicheza, na mwaka 2014 alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu za NFL hupokezana kuchagua wachezaji wapya. Nick Bosa aliumia Septemba 2018, akaamua kutorudi msimu huo, na mwaka 2019 akachaguliwa wa pili. Ja'Marr Chase hakucheza mwaka 2020, wakati wa korona, na mwaka 2021 akachaguliwa wa tano. Tazama kinachowaunganisha Bosa na Chase: kila mmoja alikuwa ameshaonekana na taifa zima akicheza, na klabu zilikuwa na kanda za mechi zake za kutosha kumpima bila kumwona tena. Hawakuwa wakijificha wasijulikane. Mwanao anajulikana kwa wakala mmoja.

Na hapa kwetu vijana hufika mbali kwa kuonekana. Mwaka 2021 timu yetu ya Uganda ya vijana chini ya miaka 20, Hippos, ilifika fainali ya Afrika kule Mauritania ikafungwa na Ghana 2-0, na Derrick Kakooza, aliyekuwa Police FC, akawa mfungaji bora kwa mabao 5. Baada ya hapo alipata klabu Latvia. Sidhani kama kuna mtu angemtafuta kama mwaka ule angekuwa nyumbani akilinda miguu yake.

Juu ya wakala niseme machache, kwa kuwa si taaluma yangu. Ni kweli kwamba FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa hali chache maalumu, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, kwa hiyo kusubiri umri si uongo. Muulize leseni yake ya FIFA, usikubali makubaliano yoyote juu ya mtoto ambayo wewe mzazi hukuyatia saini, na usitoe pesa ya majaribio. Mwulize pia, kwa heshima, nani atalipa karo ikiwa shule itaondoa basari kwa sababu kijana amekataa kuichezea. Ushauri wake hauna gharama kwake, ila kwenu una gharama ya masomo.

Basi acheze, lakini asicheze kila kitu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Vijana wetu wenye vipaji hutumiwa kupita kiasi: shule inawataka, timu ya mtaa inawataka Jumapili, na katika mashindano ya shule timu inaweza kucheza karibu kila siku kwa wiki nzima, mara nyingi kwenye murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, iliyokauka ikawa ngumu kama lami. Zungumza na mwalimu wake wa michezo, mkubaliane kwamba mechi za shule zinatosha, na zile za mtaani za kuchezea pesa ziachwe kabisa. Kipimo rahisi ambacho wataalamu wa michezo ya watoto hukitumia ni kwamba saa zake za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka yake, yaani 17, na kwamba apate angalau siku moja kamili kila wiki bila mpira. Mapumziko marefu anayahitaji pia, lakini ya mwezi mmoja mmoja, yakigawanywa ndani ya mwaka hadi yafike miezi miwili au mitatu, huku akiendelea na mazoezi mengine ya mwili.

Kabla ya kila zoezi, timu ifanye mpango wa kupasha misuli moto unaoitwa FIFA 11+. Huchukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa chochote ila mpira, na unachanganya kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likielekea upande ule ule wa vidole, na mazoezi ya nguvu. Naupenda kwa sababu umejaribiwa katika mazingira yanayofanana na yetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Lagos kwa zaidi ya wachezaji vijana 400, ulionyesha kwamba timu zilizoufuata zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Ndani yake kuna zoezi moja ambalo winga hapaswi kulikwepa: anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anajiachia mbele polepole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka mikono iguse chini. Litamuuma wiki za mwanzo, na hilo ni la kawaida. Aanze na marudio machache. Alale saa 8 au zaidi. Na kama kweli mnataka kuilinda miguu hiyo, asipande bodaboda wakiwa watatu usiku kutoka mazoezini, kwa maana vijana waliovunjika kwa bodaboda ninawapokea mara nyingi mno.

Kukaa nje kabisa kuna wakati wake: baada ya upasuaji wa ligamenti (utepe mgumu unaoshikanisha mifupa) ya mbele ya goti, ambapo kurudi kabla ya miezi 9 huongeza sana hatari ya kuumia upya; baada ya kugongwa kichwa; au mfupa unapopata ufa wa uchovu, yaani ufa mdogo unaotokana na kutumiwa kupita kiasi. Katika hali hizo tunamsimamisha kwa sababu ya jeraha lililopo, na tunajua linahitaji muda gani.

Sasa kifundo. Kifundo kilichoteguka ni rahisi kuteguka tena, na kinachoendelea kuvimba mwaka mmoja baadaye hakijapona, hata kama kijana anasema hakimuumi. Huenda ligamenti zimelegea, huenda misuli ya kigimbi, nyuma ya mguu chini ya goti, haikurudisha nguvu, au huenda gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, iliumia. Mpimeni leo nyumbani. Asimame peku kwa mguu mmoja sekunde 30 macho wazi, kisha ajaribu akiwa amefumba, karibu na ukuta. Halafu ainuke kwa vidole vya mguu mmoja, goti likiwa limenyooka, mara nyingi awezavyo. Mchezaji wa umri wake nategemea afike kama 25. Mguu wa kushoto ukipungukiwa waziwazi na wa kulia, asicheze mechi mpaka aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi, ambaye ataamua kama picha inahitajika. Asikandwe kwa nguvu wala kupakwa dawa za moto juu ya uvimbe.

Mara nyingi wiki 6 hadi 8 za mazoezi ya mizani na nguvu hutosha, kisha arudi kwa dakika 20 za mechi, baadaye kipindi kimoja, akiwa amefungwa bandeji ngumu au kishikizo cha kifundo, ambacho hupunguza kuteguka tena kwa aliyewahi kuteguka. Akikosa mechi kadhaa kwa ajili hiyo, mwalimu wake ataelewa, na bado atakuwa na miezi ya kutosha kabla ya Januari. Niandikie hesabu za miguu yote miwili, wa kushoto na wa kulia, nami nitakupangia mazoezi ya wiki kwa wiki.