Re: Pampu ya insulini, naichomeka palepale ninapochomaga sindano?

"Hapaumi"! Mkuu, kaka yako anakuletea pampu kutoka Uingereza, unauliza joto la huku na bima, halafu unasema kanula, kile kimrija cha pampu kinachoingia chini ya ngozi, utaiweka palepale pembeni ya kitovu ulipozoea kuchoma kwa kuwa hapaumi. Usithubutu. Salamu baadaye.

Hapaumi kwa sababu pameharibika. Ukichoma sehemu moja muda mrefu, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba, yanakuwa tuta. Na insulini ya pampu haiendi mshipani moja kwa moja. Inamwagwa kwenye mafuta hayo, vijishipa vidogo ndivyo vinainyonya. Kwenye tuta inanyonywa kama mvua ya Dodoma: unaingoja Novemba, inakuja Januari, tena yote siku moja.

Tuta langu lilikuwa kushoto, mke wangu akaliita kitambi cha upande mmoja. Jamaa aliyeniuzia vifaa, mwenye maneno matamu kuliko sukari yangu, akaniambia, "Pasipouma ndipo pamezoea dawa." Pamezoea dawa! Nikachomeka kanula hapohapo, sukari ikawa haishuki chini ya 17 (mmol/L), nikaongeza uniti za insulini. Ikapanda, nikaongeza. Kliniki wananiuliza nimekula nini, hakuna aliyeniambia funua shati. Nikaacha hadi zabibu, bure kabisa.

Kisha kanula ikachomoka, nikaihamishia pajani, ngozi safi, kwa dozi ileile niliyoipandisha. Ngozi safi haina mchezo, ilinyonya yote. Nilianguka soko la Majengo na fungu la mlenda mkononi, jasho linanitiririka, ulimi mzito, watu wakasema nimelewa. Asubuhi! Mlokole mzima! Nilizinduka wodini na dripu.

Kwa hiyo PAPASA KABLA YA KUCHOMEKA. Seti, yaani kanula na mrija wake, inabadilishwa kila siku 2 hadi 3, na kila ukibadilisha hamia mahali pengine, angalau sentimita 2.5 kutoka tundu la zamani. Penye tuta paache miezi, usipaguse. Na kabla hujahama tuta, ongea na daktari wako kuhusu kupunguza dozi, usiende kichwakichwa kama mimi. Sindano za kawaida usizitupe pia: pampu ina insulini ya haraka tu, haina akiba nyuma yake. Kanula ikijikunja, saa chache tu ketoni, asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana, zinapanda. Sukari ikigoma kushuka bila sababu, choma kwa sindano mahali pazima, ubadilishe seti. Usiendelee kubonyeza pampu.

Joto, ndiyo, ngozi ikipata moto inanyonya haraka zaidi, na insulini isikae kwenye zaidi ya nyuzi 30. Lakini hata uihifadhi kwenye friji ya Ikulu Chamwino, ukiimwaga kwenye tuta umekula hasara.

Leo ukioga, paka sabuni vidoleni, papasa polepole kutoka kitovuni kwenda kiunoni, pande zote mbili. Panapoteleza pakawa pagumu, zungushia kalamu. Halafu rudi hapa utuambie umekuta nini.