Gru aligeuka mtu mwema saa ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka minane ametazama katuni ya Despicable Me kwenye kibanda cha video, vijei, yule msimulizi wa filamu, akitafsiri kwa Kiganda. Tangu hapo ananiuliza: Gru, yule mwizi, aliacha ubaya saa ngapi? Nimeshindwa kumjibu.
Mama Zaitun, Bombo

JIBU: Marahaba, Mama Zaitun. Mwanao ana jicho kali. Mwambie hakuna saa moja, na ndiyo maana naipenda sana filamu ile ya 2010. Mwanzoni Gru anakutana na mtoto aliyeangusha aiskrimu, analia. Anampa puto lenye umbo la mnyama. Mtoto akifurahi tu, Gru analitoboa kwa pini! Hata wale wasichana yatima, Margo, Edith na Agnes, anawachukua kwa hila, wamuuzie Vector, mwizi mpinzani wake, biskuti ili yeye apate kuiba mashine ya kufanya vitu viwe vidogo.

Tazameni pamoja pale wasichana wanapokwenda kulala. Agnes anaomba busu, ananyimwa. Lakini Gru amekwisha kuwasomea kitabu cha paka mpaka ukurasa wa mwisho, huku akikiponda. Kwangu mimi, moyo ulianza kulegea hapo: mdomo bado unakataa, mikono inafunua kurasa. Baadaye anakwenda kuiba mwezi, anachelewa onyesho lao la dansi, anakuta ukumbi mtupu. Hapo vijei angenyamaza kidogo, jamani! Uso wa Gru unatosha.

Mwisho wa filamu anawabusu bila kusukumwa. Mwonyeshe mwanao busu hilo, kisha mrudishe kwenye lile puto.