Jibu: Sanaa inaweza kufanya nini zaidi ya kuonyesha umaskini?

Ndugu yangu, umeuliza kama sanaa inaweza kupunguza pengo la wenye nacho na wasio nacho mtaani, au inaishia kuchora shida ukutani. Inaweza, na mfano ninaouamini zaidi uko Third Ward, mtaa wa Wamarekani weusi huko Houston.

Msanii Rick Lowe alikuwa akichora picha kuhusu matatizo ya jamii. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alipotembelea studio yake akamwambia: haya tunayajua tayari; kama wewe ni mbunifu, mbona hubuni suluhisho? Mwaka 1993 Lowe na wasanii wenzake sita wakaanzisha Project Row Houses, wakakarabati nyumba 22 ndogo za mbao zilizokuwa zimetelekezwa. Baadhi zikawa za maonyesho. Nyingine wakapewa akina mama vijana wanaolea peke yao, wakae na watoto wao huku wakiendelea na masomo. Hapo mkazi si mtazamaji tena, anaishi ndani ya kazi ya sanaa yenyewe.

Hata Kibera mwaka 2009, msanii JR wa Ufaransa alipofunika mapaa kwa picha kubwa za wanawake wa pale, alitumia plastiki isiyopitisha maji, ikawakinga na mvua.

Kwa hiyo kabla hujanunua rangi, kaa na wakazi. Jua nani anamiliki nyumba na nani amepanga. Mtaa ukishapendeza kodi ya nyumba hupanda, na hilo mlizungumze na wenye nyumba mapema, kabla ya ukuta wa kwanza.