Jiwe la mlango wa jikoni

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama isotopu, zile atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, zinaweza kutuambia zinki ya Kipushi, mgodi ule wa Kongo, ilitoka wapi. Nimekaa nikujibu, mawazo yakaenda kwa mama yako na lile jiwe la mlango wa jikoni.

Nianze na salfa. Sfaleriti, madini yanayotupa zinki, ni zinki na salfa, na hao wawili si lazima wawe wametoka nyumba moja. Bakteria wanaotumia salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, hupenda salfa nyepesi, ile ya uzito wa 32, kwa hiyo madini ya kazi yao hupungukiwa ile nzito ya 34. Joto halichagui sana: salfeti ya bahari ya kale ikipikwa na mabaki meusi ya viumbe, nyuzi 100 na zaidi, salfa yake hubaki karibu na ile ya bahari. Lakini hizo ni habari za salfa. Za zinki haizijui! Metali ya risasi iliyo kwenye galena, madini ya risasi na salfa, ndiyo jirani wa karibu, maana isotopu zake za 206, 207 na 208 huongezeka urani na thori zinapovunjika, na kila mwamba una kipimo chake. Hata hivyo, risasi ya Joplin, kule Missouri, ukiipigia hesabu ya umri unapata kwamba bado haijazaliwa. Ilizoa risasi nyingine njiani. Ndiyo maana nasema kila siku: jiwe bila mahali pake si shahidi.

Mgodi ulipofungwa 1993 nilirudi na kipande kimoja, renieriti, madini ya shaba na gerimani, yenye rangi ya shaba iliyong'aa ndani ya sfaleriti. Nilikuwa nimeandika kina chake kwa rangi nyeupe. Nanyi mkalifanya kizuizi cha mlango, likajaa masizi na unga, mama yako akalisugua kwa mchanga hadi namba ikaisha. Nilimfokea mbele yenu. Akaliweka chini taratibu, akaniuliza, "Kwani jiwe limesahau kwao kwa sababu nimeliosha?"

Sikumjibu. Mpaka leo swali hilo linanichoma, kwa sababu alikuwa na haki. Isotopu hazisuguliki kwa mchanga. Lakini nami nilikuwa na haki: madini ya pale hayakuja kwa siku moja, na bila kina hujui unapima kizazi kipi. Nadhani ilikuwa mita 1,150. Kudhani si kujua. Basi, ningemjibu bila kufoka.

Madini ya salfa ya Kipushi, sfaleriti ikiwemo, yamepimwa kwa rubidi inayogeuka polepole kuwa stronti, yakatoa umri wa takriban miaka milioni 450, wakati mwamba wa dolomiti unaoyabeba ni wa zamani zaidi kwa miaka mingi. Kwa hiyo metali zilikuja baadaye, zikiwa zimebebwa na maji ya moto yenye chumvi. Kutoka miamba ya chini kabisa? Moyo wangu unataka kuandika ndiyo. Siandiki, mpaka uniletee vipimo vya zinki yenyewe, isotopu yake ya 66 kwa ile ya 64.

Jiwe lipo palepale mlangoni. Ukija, tulikate upande wa chini, ule ambao mama yako hakuufikia.

Baba yako